Chungu cha maharage: mahali pa kuanzia kuokoa kuni na mkaa



Watu wanapozungumza juu ya kupunguza matumizi ya nishati nyumbani, mara nyingi huanza na taa. Zima taa, badilisha balbu. Ushauri huo si mbaya, na tutaugusa mbele kidogo. Lakini katika nyumba nyingi za Tanzania, vijijini na hata mijini, nishati nyingi kuliko zote haiendi kwenye taa. Inakwenda jikoni. Na huko jikoni nako haigawanyiki sawasawa. Chai huchemka mara moja ikaisha. Mchicha ni dakika chache. Ugali hauzidi nusu saa. Yanayokaa motoni saa mbili, tatu, wakati mwingine hata nne, ni maharage na makande.

Kwa hiyo somo hili linahusu hasa chungu kimoja. Familia ikifaulu kupunguza moto wa maharage, itakuwa imepunguza sehemu kubwa ya mzigo wa kuni au ya fedha ya mkaa, kabla ya kununua kitu chochote. Tutaanza na yale yasiyogharimu hata shilingi moja, kisha kikapu cha kupikia ambacho kila kikundi kinaweza kutengeneza, na majiko tutayazungumzia baadaye. Mpangilio huu ni wa makusudi. Jiko jipya mikononi mwa mpishi asiyefunika chungu litaendelea kula mkaa.

Joto linapotelea wapi

Kwenye mafiga matatu ya kawaida, sehemu ndogo tu ya joto la kuni huingia ndani ya chungu, kwa kawaida kama asilimia 10 hadi 15. Lililobaki huenda na upepo, moshi na ardhi. Hilo wengi wamelisikia. Lisilojulikana sana ni upotevu unaotokea juu ya chungu chenyewe.

Maji yakishachemka hayaongezeki joto tena, hata ukiongeza kuni. Pwani yatabaki kwenye nyuzi 100 hivi. Moto unaouongeza baada ya hapo unafanya kazi moja tu: kugeuza maji kuwa mvuke. Kazi hiyo ni ghali mno. Kugeuza lita moja ya maji yanayochemka kuwa mvuke kunahitaji joto karibu mara saba ya lile linalohitajika kuchemsha lita moja ya maji ya baridi. Tafakari jambo hili unapoongeza maji kwenye maharage kwa mara ya tatu. Kila lita iliyokauka kwa mvuke imeondoka na joto ambalo lingetosha kuchemsha lita saba za maji.

Maharage hayaivi upesi kwa sababu maji yanaruka kwa nguvu. Yanaiva kwa sababu yamekaa muda wa kutosha katika maji ya moto sana. Ukilielewa hili, karibu mambo yote yanayofuata utayaelewa bila kufundishwa.

Kabla moto haujawashwa

Kuni zilizokatwa leo zinaweza kuwa na maji karibu nusu ya uzito wake. Moto wake hufanya kwanza kazi ya kukausha kuni, na moshi wote ule unaotutoa machozi ni dalili ya kazi hiyo. Pasua kuni ziwe nyembamba, kama unene wa mkono wa mtoto, uzipange kwa kupishana mahali penye paa na upepo, na uziache miezi kadhaa. Anayeweza akusanye kuni za masika wakati wa kiangazi. Huu ni mpango wa familia nzima, si wa mama peke yake. Kupasua kuni ni kazi ambayo baba na vijana wanaweza kuifanya kwa siku moja, na ikapunguza moshi jikoni kwa msimu mzima.

Mkaa nao una historia yake. Kwenye matanuri ya udongo ya kienyeji, kilo moja ya mkaa hutokana na kilo 6 hadi 10 za kuni, na mara nyingine zaidi. Kwa hiyo mkaa unaobaki jikoni baada ya chakula kuiva usiuache uungue bure. Utie kwenye debe au ndoo ya bati yenye kifuniko kinachobana, nje ya nyumba, nao utazimika wenyewe kwa kukosa hewa. Kesho utauwasha tena.

Halafu maharage yenyewe. Maharage ya msimu huu huiva upesi. Yaliyokaa muda mrefu ghalani, hasa mahali pa joto na unyevu, hugeuka magumu hata yakichemka kutwa nzima. Gunia la bei nafuu sokoni linaweza kuwa ghali jikoni. Muulize muuzaji ni ya lini, na kama hujui, nunua robo kilo kwanza ukajaribu.

Yachague, yaoshe, yaloweke usiku kucha kwenye maji mengi, kisha asubuhi mwaga maji hayo na upikie maji mapya. Kumwaga maji ya kuloweka hupunguza gesi tumboni, na kuna sababu nyingine kubwa zaidi tutakayoiona baadaye. Wapo wanaotia magadi ili yaiva upesi. Ni kweli magadi hulainisha, lakini huharibu vitamini B1 iliyomo ndani ya maharage. Anayeloweka vizuri hana haja nayo.

Wanaoishi nyanda za juu wana sababu ya ziada ya kuloweka. Mbeya, iliyo kwenye mwinuko wa mita 1,700 hivi, maji huchemka kwenye nyuzi kama 94 tu. Ndiyo maana mgeni kutoka Dar es Salaam hushangaa kuona maharage ya huko hayaivi. Si uzembe wa mpishi.

Kifuniko na moto mdogo

Funika chungu tangu mwanzo. Maji yakianza kuchemka, toa kijinga kimoja au viwili, au funga mlango wa hewa wa jiko la mkaa, mpaka uone maji yanatikisika kidogo tu. Akina mama wengi husema ukifunika, maharage hufurika na kuzima moto. Wanasema kweli, ila kinachofurisha ni moto mkubwa. Ukipunguza moto, kifuniko kitatulia.

Kama unapikia nje, weka kinga ya matofali pande tatu. Upepo mdogo tu hulipokonya chungu joto jingi.

Kikapu cha kupikia

Kila mmoja wetu anaijua chupa ya chai. Chai iliyotiwa asubuhi huwa bado ya moto mchana, na hakuna moto ndani yake. Kikapu cha kupikia ni chupa ya chai ya chungu kizima. Chakula huchemshwa motoni kwa muda mfupi, kisha chungu hufungiwa ndani ya kikapu kilichojazwa vitu vinavyozuia joto lisitoke, na chakula huendelea kuiva chenyewe.

Vitu vinavyohitajika ni tenga, kikapu kikubwa, boksi gumu au ndoo kubwa. Kitu cha kujazia. Kitambaa cha kufunikia ndani, kama blanketi kuukuu au kanga mbili. Na mto mnene wa kufunika juu. Cha kujazia kinategemea unapoishi. Penye misufi, sufi ni bora kuliko vyote, kwa kuwa ni nyepesi na haipendi maji. Kilimanjaro na Bukoba yako majani makavu ya migomba. Kwingine nyasi kavu, pumba za mpunga, au vipande vya nguo kutoka kwa fundi cherehani. Kinachotakiwa ni kitu kikavu kinachoshika hewa nyingi ndani yake. Kikilowa hakifai tena mpaka kianikwe.

Chagua kwanza sufuria, ndipo utafute kikapu. Sufuria iwe na kifuniko kinachokaa vizuri na isiwe na mkono mrefu. Kati ya sufuria na ukuta wa kikapu ibaki nafasi ya kiganja kizima kila upande, na chini pia. Jaza na ushindilie kiasi, ukiacha shimo la kipimo cha sufuria. Tandaza kitambaa juu yake na ukishone pembeni ili nyasi zisiingie kwenye chakula. Mto wa juu ujazwe kwa unene uleule na ufunike mpaka kwenye kingo. Wengi hushughulika sana na pembeni wakatengeneza mto mwembamba, na joto hutokea juu.

Namna ya kupika maharage: yaliyolowekwa usiku yachemshe kwa nguvu, yamefunikwa, dakika 30 kamili kuanzia maji yanapochemka. Nyanda za juu chemsha dakika 45. Hakikisha sufuria imejaa angalau theluthi mbili, kwa sababu chakula kidogo hupoa haraka. Bila kufunua, futa masizi, ingiza sufuria kikapuni mara moja, funika na mto, na uache saa tatu hadi nne. Usichungulie. Kila unapofunua, joto unalolitoa halirudi. Baadaye rudisha sufuria motoni ichemke tena, unga kwa kitunguu, nyanya au nazi kama kawaida yako. Kwa njia hii, moto uliokuwa ukiwaka saa tatu unawaka kwa saa moja hivi.

Kwa kuwa mvuke hautoki, punguza maji kama robo. Wali huchemka dakika tano, kisha hukaa kikapuni kama saa moja. Makande yanataka kuchemka zaidi kabla ya kuingia kikapuni, hasa mahindi yakiwa hayajakobolewa. Ugali haupikwi kikapuni, maana unahitaji mkono na moto, lakini ukishaiva unaweza kukaa humo ukabaki wa moto.

Usiweke makaa kikapuni kwa kudhani yatasaidia. Yatachoma kikapu, na pengine nyumba.

Onyo kuhusu maharage mekundu

Sehemu hii tunaomba isomwe kwa sauti katika kikundi, hata kama nyingine zitarukwa.

Maharage, na hasa mekundu, yana sumu ya asili ambayo huharibiwa kwa kuchemka. Isipochemshwa vya kutosha, punje chache tu huweza kumtapisha mtu vibaya, mara nyingi ndani ya saa moja hadi tatu, kisha akaharisha. Joto la nyuzi 80 au chini yake haliharibu sumu hiyo, na linaweza hata kuizidisha. Ndiyo maana tumeandika dakika 30 za kuchemka kwa nguvu, na ndiyo maana tumesema maji ya kuloweka yamwagwe. Mtu asije akatia maharage mabichi kwenye maji ya moto na kuyafungia kikapuni akitumaini yataiva. Huenda yakalainika, lakini yatakuwa hatari.

La pili: chakula kikishapungua chini ya nyuzi 60, vijidudu huanza kuzaliana. Mtu asiye na kipimajoto ajiulize tu kama sufuria inachoma mkono. Ikiwa vuguvugu, imekaa mno. Usikiache chakula kikapuni usiku kucha, na kabla ya kukila kichemshe tena, zaidi sana kama kuna nyama au watoto wadogo watakula.

Jiko lenyewe

Familia iliyozoea haya sasa inaweza kufikiria jiko. Kwa watumiaji wa mkaa, jiko lenye kauri ndani ndilo la kutafuta. Lilianza kuenezwa Kenya miaka ya 1980 na leo huuzwa karibu kila soko la Afrika Mashariki. Likilinganishwa na jiko la bati tupu, huokoa kati ya theluthi moja na nusu ya mkaa, likiwa zima. Neno hilo "zima" lina uzito. Kabla ya kulipa, tazama kama kauri ina ufa, kama inacheza ndani ya bati, na kama matundu ya chini yamepenya kweli. Usimwagie maji kulizima, kwa kuwa kauri ya moto ikipata maji hupasuka.

Kwa watumiaji wa kuni, jiko la udongo linaweza kujengwa na familia yenyewe kwa udongo wa kichuguu uliochanganywa na nyasi zilizokatwakatwa. Siri yake ni nafasi kati ya chungu na ukuta wa jiko: upana wa kidole kimoja, ili moto ulambe ubavu wa chungu. Ikizidi hapo, umejenga mafiga yenye ukuta tu. Liache likauke wiki mbili au tatu kabla ya kuliwasha. Bomba la moshi ni jema kwa afya, na hapo hatuna ubishi: Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba moshi wa majumbani ulisababisha vifo milioni 3.2 duniani katika mwaka 2020. Ila msitegemee bomba peke yake kuokoa kuni.

Kwa wenye umeme

Mei 2024 Serikali ya Tanzania ilizindua mkakati wa miaka kumi wa nishati safi ya kupikia, wenye lengo la kuwafikia asilimia 80 ya Watanzania ifikapo mwaka 2034. Wengi bado wanaogopa kupikia umeme kwa sababu ya LUKU. Hofu hiyo ina msingi kwa jiko la koili lililowashwa saa tatu. Lakini sufuria ya presha ya umeme, inayojizima yenyewe ikishapata joto, hupika sufuria ya maharage kwa chini ya uniti moja. Bei yake ndiyo kikwazo. Kikundi cha kuweka na kukopa kinaweza kuwanunulia wanachama kwa zamu.

Kuhusu taa tulizoziacha mwanzoni: balbu ya LED ya wati 9 huwaka zaidi ya saa 110 kwa uniti moja, na ile ya zamani ya wati 60 haifiki saa 17. Badilisha, ni jambo jema. Lakini pasi ya wati 1,000 hula uniti hiyohiyo kwa saa moja tu ikiwa inawaka mfululizo, basi nguo za wiki zipigwe pasi kwa mkupuo mmoja. Maji ya chai yachemshwe mara moja asubuhi na kuhifadhiwa kwenye chupa.

Usiku wa baridi

Wasomaji wa Njombe, Makete na Arusha wataona hatujasema juu ya Juni na Julai. Wapo wanaoingiza jiko la mkaa chumbani ili kupata joto, kisha wanafunga mlango na dirisha. Hewa ya sumu ya mkaa haina harufu wala rangi, na aliyelala haamki kuikimbia. Tafadhali msifanye hivyo, hata kwa mkaa unaoonekana umekwisha. Chupa ya maji ya moto iliyofungwa vizuri na kuviringishwa kitambaa, ikiwekwa miguuni, hutosha kwa mtoto na mzee. Dari, hata ya mikeka au magunia yaliyoshonwa, huzuia joto la chumba lisipotelee kwenye bati. Kazi yake ni sawa na ya ule mto mnene wa kikapu.

Zoezi la kikundi

Kikundi kisikubali maneno yetu bila kupima. Tafuteni mizani, jiko moja aina moja kwa kila upande, na kilo moja ya maharage kutoka gunia moja, mkaigawe nusu kwa nusu. Mpishi wa kwanza apike kama alivyozoea. Wa pili apike yaliyolowekwa, kwa kifuniko na kikapu, akitumia sufuria ndogo ili ijae. Pimeni mkaa kabla ya kuwasha. Mwisho zimeni makaa kwenye debe lenye kifuniko, yakipoa pimeni yaliyobaki, na muandike tofauti. Andikeni pia dakika ambazo kila mpishi alilazimika kukaa karibu na moto, kwa kuwa muda huo nao ni mali.

Kisha waiteni walaji waonje bila kuambiwa ni sufuria ipi. Katika nyumba nyingi, kitakachoamua kama kikapu kitatumika ni ulimi wa baba na wa mama mkwe, basi nao waalikwe siku hiyo.

Baadaye jadilianeni:

Katika kaya zetu, nani hutafuta kuni au hununua mkaa, na nani huamua fedha itumikeje? Kama mkaa ukipungua, fedha iliyobaki itakwenda wapi?

Ni vitu gani vya kujazia kikapu vinapatikana hapa kwetu bila kununua?

Kwa wiki moja tunapika maharage au makande mara ngapi? Zidisheni tofauti mliyoipima kwa idadi hiyo, kisha kwa wiki za mwezi.

Mizani ikikosekana, mpishi kila mmoja apewe sado moja ya mkaa iliyosawazishwa mdomoni, na mwisho mkaa uliobaki urudishwe kwenye sado ileile ili kuona umefika wapi.